Habari za harusi na misiba ndizo zilizobeba Uhuru

Leo siandiki habari ya moto moto. Leo naandika historia. Najua wapo wasomaji wangu ambao wakisikia neno historia wanakumbuka mwalimu wa darasa la sita na fimbo yake. Vumilieni kidogo. Hii ni historia yenye pilau, vitenge vya sare, michango ya harusi, na kesi ya uhaini ndani yake. Na kipande chake kimoja kikubwa kilitokea hapa hapa kwetu Arusha, mwendo wa miguu tu kutoka Ngarenaro ninapoishi.

Nianze na swali. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, katika miezi michache tu, wanawake zaidi ya 5,000 waliingia katika chama hicho Dar es Salaam. Nani aliwaingiza? Kwa gari gani? Kwa redio ipi? Kwa gazeti lipi?

Hapakuwa na gari wala gazeti. Kulikuwa na vyama vya ngoma.

Shuleni tulifundishwa kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa mwanamke shujaa aliyepigania uhuru pamoja na Mwalimu Nyerere. Nukta. Mstari mmoja, halafu mwalimu anahamia kwenye vyama vya ushirika. Mstari huo ni wa kweli, ila unaficha jambo muhimu kuliko yote, nalo ni namna alivyofanya.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Wakati huo mji ulikuwa na vikundi vingi vya aina hiyo, vingine vikiwa na majina ya kuchekesha kama Submarine, Egyptian, Al Watan na Good Luck. Mtu wa nje akiviangalia anaona akina mama wanacheza ngoma, wamevaa sare, wanashindana nani kapendeza. Basi. Lakini mwenye macho ya ndani aliona kitu kingine. Mwanachama akiolewa, kikundi kipo. Akijifungua, kikundi kipo. Akifiwa, kikundi ndicho kinachopika, kinacholala matanga, kinachochanga. Kikundi kilikuwa na viongozi, kilikuwa na ada, na kilijua nani anaishi nyumba gani na ana shida gani. Kwa maneno mengine kilikuwa chama kamili kabla hakijaambiwa kwamba ni chama.

Mwaka 1955 alifika nchini John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza. Aliwauliza viongozi wa TANU swali jepesi: mbona hamna sehemu ya wanawake? Wazee wakaangaliana. Ilibidi mwanamke atafutwe, na aliyepatikana ni Bibi Titi, ambaye kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16 na ya mumewe, Boi Selemani, namba 15. Akashika kazi pamoja na wenzake akina Tatu binti Mzee.

Angekuwa kiongozi wa siku hizi angeitisha semina hotelini na posho juu. Yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukimpata kiongozi wa kikundi umewapata wanachama wake wote, maana wanaaminiana tangu harusi ya kwanza na msiba wa kwanza. Habari ya mkutano wa TANU ilipita njia ile ile iliyokuwa ikipita habari ya mtoto kuzaliwa au mtu kufa. Mlango kwa mlango, kisimani, sokoni, kwenye matanga. Serikali ya mkoloni ilikuwa na askari wa kuzuia mikutano ya siasa. Je, ingeweza kuzuia watu kwenda kuhani?

Tena kumbuka jambo moja. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwanamume karani alikuwa na mshahara wa kupoteza. Mama anayeuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Ndiyo maana wale walioonekana hawana kitu wakawa na uhuru wa kufanya kila kitu. Wapo hata waliowatunzia waume zao kadi za TANU ndani ya nyumba ili wasionekane nazo kazini.

Msomi wa Kimarekani Susan Geiger alianza kuwahoji wanawake hawa mwaka 1984, akatoa kitabu mwaka 1997. Hakuishia Dar es Salaam. Alifika mpaka Moshi kwa majirani zetu, akakuta nako wanawake wana simulizi zao za kuijenga TANU. Moshi ndiko alikozaliwa Lucy Lameck, mwaka 1934, aliyesomea uuguzi, akaenda Ruskin College kule Oxford, akaingia bungeni mwaka 1960, na akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya naibu waziri katika serikali yetu. Kwa hiyo msije mkafikiri haya ni mambo ya pwani peke yake.

Na hapa kwetu? Wameru wasingekubali niwasahau. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili mashamba wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege mpaka New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Nauli ilitoka wapi? Watu walichanga. Tunamkumbuka aliyesafiri, na ni haki yake. Waliochanga tumewasahau. Ndivyo historia yetu inavyoandikwa: jina la abiria linabaki, majina ya walionunua tiketi yanapotea.

Sasa tuje kwenye kipande cha Arusha.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, iliundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Mambo yalionekana kwenda vizuri. Halafu ukaja Januari 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha kuanzia tarehe 26 mpaka 29, katika ukumbi ule wa jamii pale Kaloleni ambao tangu mwaka 1977 ni Makumbusho ya Azimio. Wewe mkazi wa Ngarenaro umepita pale mara ngapi ukielekea mjini? Umeingia ndani mara ngapi? Haya, tuendelee.

Azimio la Arusha lilikuwa na sehemu iitwayo masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti yalimhusu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa.

Bibi Titi alikuwa na nyumba ya kupangisha. Hakukubali kuiacha. Akajiuzulu.

Hapa naomba tutulie kidogo maana ndipo wengi tunapogawanyika. Ukimsikiliza Mwalimu, hoja yake ina uzito. Nchi masikini haiwezi kuendeshwa na viongozi wanaoshindana kujenga majumba huku wananchi hawana zahanati. Tumeona baadaye, masharti yale yalipolegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar, viongozi walivyokimbilia mali kama watu waliofunguliwa zizi. Siwezi kusimama hapa nikasema Mwalimu aliota ndoto mbaya.

Lakini hebu angalia nyumba ya kupangisha kwa macho ya mwanamke wa mjini. Huku Ngarenaro tunawafahamu wengi. Mama mjane, au aliyeachika, ana vyumba vitatu vya uani. Kodi ya chumba kimoja ni ada ya shule, ya kingine ni chakula, ya cha tatu ni dawa. Hana pensheni kwa sababu hakuajiriwa. Hana shamba la ukoo kwa sababu kwa ukoo wake shamba ni la kaka zake, na kwa mumewe ni la shemeji zake. Vyumba vile ndivyo pensheni yake. Waziri aliyeacha nyumba ya kupangisha alibaki na mshahara. Mwanamke aliyepanda kwenye uongozi kutoka kwenye ngoma, asiye na cheti, angebaki na nini siku akitolewa kwenye uongozi? Bibi Titi alikuwa ameshaonja hilo, maana mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge.

Sharti moja, kipimo kimoja kwa wote, lakini halikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Sijui kama ndani ya ukumbi ule wa Kaloleni kuna aliyelisema hili. Ninachojua ni matokeo. Mwanamke aliyekuwa kiungo kati ya chama na maelfu ya akina mama wa vikundi alitoka, na kazi ya kuongoza UWT ikaenda kwa Sofia Kawawa.

Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa. Mwaka uliofuata alishitakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Kuanzia hapo akawa kama hakuwahi kuwapo. Miaka mingi ikapita kabla hajarudishwa kwenye sherehe za taifa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa Johannesburg kwa matibabu. Leo ana barabara kubwa Dar es Salaam. Daladala zinalitaja jina lake kila siku na abiria wengi hawajui alikuwa nani.

Sitaki nionekane naisema UWT vibaya. Ilifanya kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipopita, pamoja na upungufu wake wa kuruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, wanawake wa UWT walikuwa miongoni mwa walioitetea. Mwaka 1975 sheria ilibadilishwa ili mfanyakazi ambaye hajaolewa naye apate likizo ya uzazi yenye malipo. Jambo hilo halikuwa dogo. Ila UWT ilikuwa jumuiya ya chama tawala, na jumuiya ya chama husikiliza kwanza juu, halafu chini. Habari zilizokuwa zikipanda kutoka kwenye matanga zikaanza kushuka kutoka makao makuu.

Ndiyo maana akina mama walitafuta njia nyingine. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha TAMWA, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Angalieni hilo jina! Waandishi wasomi walipotafuta jina la jarida, walirudi kule kule kwenye ngoma na nyimbo. Kelele zao na za wenzao zilisaidia kuzaa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mimi niliyeingia kwenye fani hii juzi juzi najua ninatembea kwenye njia waliyofyeka wao.

Kisha likaja Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililosajiliwa mwaka 1995 likiongozwa na Anna Tibaijuka, wakati huo mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilikuwa la wanawake wa vyama vyote na wasio na chama. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na BAWATA ilitaka wapiga kura wanawake wawapime wagombea kwa mambo yanayowagusa, kama maji, afya, elimu na sheria. Mwaka 1996 likasimamishwa. Mwaka 1997 likafutwa. Serikali ilisema linafanya siasa kama chama cha siasa. Akina mama wakaenda mahakamani.

Mnaona mchoro unavyojirudia? Wanawake wakikaa pamoja kupika pilau ya msiba, wote tunawasifu. Wakikaa pale pale, watu wale wale, wakauliza kwa nini zahanati haina dawa na marehemu angeweza kupona, tunawaambia wanaingilia siasa. Lakini hilo swali lilizaliwa wapi kama si pale kwenye msiba?

Na tusidhani ni sisi tu. Kule Marekani wanawake weusi waliosoma vyuo vikuu wana vyama vyao vya udada. Uanachama hauishi mtu akimaliza masomo, bali huendelea mpaka uzee katika matawi ya wahitimu, mji kwa mji. Kimoja kinaitwa Delta Sigma Theta, kilichoanzishwa na wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard mwezi Januari 1913. Miezi miwili haijatimia, tarehe 3 Machi, walikuwa barabarani Washington wakiandamana kudai wanawake wapige kura. Ukizisoma taarifa za matawi kama hayo utacheka kwa jinsi zinavyofanana na zetu: fulani kaolewa, fulani kastaafu, fulani kafiwa na mama yake, Jumamosi tunaandikisha wapiga kura. Vyote kwenye ukurasa mmoja. Wao hawaoni ajabu. Mbona sisi tunaona ajabu?

Sasa niwaambie kwa nini nimeyaandika haya.

Mama yangu ni mwanachama wa kikundi hapa Ngarenaro. Si kikundi kikubwa. Kilianza kama mchezo wa kupeana fedha kila mwezi, kikanunua masufuria na maturubai ya kukodisha, baadaye kikawa VICOBA yenye hisa, mikopo, mfuko wa jamii na sanduku lenye kufuli tatu. Mwezi uliopita waliamua kwamba taarifa zote sasa zitakuwa kwenye simu, kwenye kundi la WhatsApp. Uamuzi mzuri. Lakini madaftari ya zamani, yale makubwa yenye jalada gumu, yakawekwa kando ya jiko. Mmoja wa akina mama anauza karanga. Mnaelewa yalikuwa yanaelekea wapi.

Niliomba niyasome kwanza. Siwezi kutaja majina, ni siri za watu. Ila niwape picha. Ukurasa mmoja una mwanachama aliyejifungua mapacha na orodha ya waliopeleka uji na kanga. Chini yake, kwa mwandiko ule ule, kuna akina mama watano waliochaguliwa kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro uliokuwa unafurika kila masika. Ukurasa unaofuata kuna rambirambi. Unaofuata, kuna mjane ambaye shemeji zake walitaka kumtoa kwenye nyumba, na kikundi kikamchangia nauli ya kwenda baraza la kata, na wanachama wanne wakaenda naye kama mashahidi. Alibaki na nyumba. Halafu inarudi kwenye sare ya harusi, kitenge cha bluu au cha kijani, na mjadala wa kitenge una kurasa mbili!

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Kwa sababu nilijiuliza, mtafiti wa mwaka 2060 akitaka kujua wanawake wa Ngarenaro walilindaje nyumba zao, walipataje mtaro, walisomeshaje watoto, atasoma nini? Ofisi ya kata itamwonyesha taarifa isemayo mtaro ulijengwa. Itakuwa na jina la diwani na picha ya kukata utepe. Wale watano hawamo. Abiria tena, na walionunua tiketi wamesahaulika tena.

Geiger aliwahi kuwakuta akina Bibi Titi wakiwa hai, akawauliza, wakamwambia. Angechelewa miaka 20, tungebaki na ule mstari mmoja wa darasa la sita. Vikundi vya lelemama viliibeba TANU mabegani, na leo tunavijua kwa sababu mgeni mmoja alikuwa na kinasa sauti na subira. Hatuwezi kila mara kungoja mgeni.

Kuna anayesema mambo ya vikundi ni umbea tu. Jamani, umbea ni kuijua shida ya jirani na kukaa kimya, au kuicheka. Kuijua shida ya jirani, kuiandika, kuichangia na kwenda nayo barazani kunaitwa uraia. Tofauti yake haiko katika habari yenyewe. Iko katika kinachofuata baada ya habari.

Tena kuna jambo la leo leo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikarejeshwa mwaka 2024. Sasa kikundi hewa unakitambuaje? Kikundi hewa kina katiba nzuri iliyochapwa na muhuri unaong'aa. Ila hakina daftari lenye uji wa mapacha. Hakina miaka ya misiba. Madaftari yale ya kando ya jiko ndiyo ushahidi kwamba watu hawa wamekuwepo kabla ya fedha kutangazwa. Anayeyatupa anatupa hati yake mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama mama yako, shangazi yako, au bibi yako yumo kwenye kikundi, muulize daftari la kwanza liko wapi. Msilipige picha na kulitangaza, mle mna mambo ya watu. Lifungeni kwenye mfuko wa nailoni lisiingie maji, mliweke juu ya kabati. Halafu siku ya Jumapili kaa na mmoja wa waliokianzisha, umwambie akueleze walivyoanza, na wewe uandike. Jina la kikundi, mwaka, waliokuwepo, walichofanya. Hata kama ni ukurasa mmoja.

Madaftari ya Ngarenaro hayajafika kwenye karanga. Yapo. Akina mama wamekubali, ingawa walinicheka sana na mmoja akauliza kama nitawalipa. Nikawaambia nitawalipa kwa kuandika. Wakasema hayo malipo ya waandishi wanayajua!

Ni hayo tu kwa leo. Kama una simulizi ya kikundi cha Kaloleni, Unga Limited, Sanawari, Usa River au popote pale, niandikie. Na ukipita pale makumbusho, ingia. Angalia ukumbi. Jiulize wenye nyumba tatu za uani walikuwa na msemaji mle ndani.